Mkia wa Panya, Usingizi wa Tembo: Kasumba na Ushahidi wa Wanyama

Mshale wa dawa ukimpata tembo pajani, hukimbia kidogo tu. Kisha hatua zinapungua, mkonga unalegea, miguu ya nyuma inaburuta, naye anayumba kama jahazi lililoshushwa tanga katikati ya mawimbi. Baada ya dakika kama kumi mnyama wa tani nne amelala chini. Hapo kazi ya madaktari wa wanyamapori huwa ya mbio. Akiwa ameangukia kifua wanamvuta kwa kamba mpaka alale ubavu, maana uzito wake mwenyewe ungembana mapafu. Sikio linakunjwa lifunike jicho lisichomwe na jua. Kijiti kinawekwa kwenye ncha ya mkonga ili njia ya hewa isizibe. Mmoja anamwagia maji masikioni, kwa kuwa tembo hupoza damu yake huko. Mwingine hana kazi ila moja: kuhesabu pumzi.

Mkanda wa kumfuatilia ukishafungwa shingoni, daktari anadunga dawa ya pili katika mshipa mnene wa nyuma ya sikio, na watu wote wanarudi kwenye magari. Dakika mbili tatu zinapita. Sikio linapepea mara moja, kichwa kinanyanyuka, tembo anasimama, anatikisa vumbi, anakwenda zake.

Hayo hufanyika Tsavo, Amboseli, Serengeti na Ruaha. Dawa inayomlaza tembo inaitwa etofini, na kinachohitajika ni miligramu chache tu. Imetengenezwa kutokana na kemikali iliyomo katika utomvu wa mpopi, mmea uleule unaotoa kasumba. Dawa inayomwamsha nayo asili yake ni mpopi. Wahenga waliosema dawa ya moto ni moto hawakuwahi kuona bunduki ya mshale, lakini wangeelewa upesi.

Neno lenyewe kasumba lina maana mbili katika lugha yetu. Ya kwanza ni afyuni, ule utomvu mzito unaotoka kwenye tunda la mpopi likichanjwa. Ya pili ni mawazo potofu yaliyomganda mtu kichwani hata asijue kwamba yamemganda, kama tunaposema kasumba ya kikoloni. Nataka kuifuata maana ya kwanza kwa karne tatu na nusu, kwa sababu inatusaidia kuivua kasumba moja ya aina ya pili: kwamba aliyenaswa na unga amenaswa kwa sababu ya tabia mbaya. Mashahidi wangu ni wanyama. Mbwa, panya, sokwe na tembo hawana maskani ya vijana wala makundi mabaya, na hakuna aliyewahi kuwalaumu kwa kukosa malezi. Yaliyowapata yanasema jambo kuhusu mwili.

Mbwa wa Oxford

Binadamu ameujua mpopi tangu zamani sana. Mbegu zake zimepatikana katika makazi ya wakulima wa kale nchini Italia, yenye umri wa zaidi ya miaka 7000. Ibn Sina, tabibu mkuu wa dunia ya Kiislamu, aliiweka afyuni miongoni mwa dawa za kutuliza maumivu na kuleta usingizi katika kitabu chake al-Qanun, kilichokamilika karibu mwaka 1025, na akaonya kwamba ikizidi huua. Matabibu wa enzi zile walijua inachofanya. Hawakujua inafanyaje, wala inapitia wapi.

Mwaka 1656, mjini Oxford, kijana Christopher Wren, ambaye baadaye angekuwa msanifu wa kanisa kuu la Mtakatifu Paulo mjini London, alijaribu jambo ambalo halikuwa limezoeleka. Alichukua unyoya wa bata bukini, akaufunga kwenye kibofu cha mnyama, akaujaza mchanganyiko wa afyuni, kisha akaupenyeza katika mshipa wa damu wa mbwa. Robert Boyle, mwanasayansi aliyekuwapo, ameandika yaliyofuata. Mbwa alipofunguliwa tu alianza kusinzia, kichwa kikaning'inia, miguu ikapepesuka. Waliotazama waliona kifo kinakuja. Boyle akaagiza mbwa achapwe na kuzungushwa bustanini asilale, mpaka fahamu zikamrudia. Alitunzwa, akapona, akanenepa. Umaarufu wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mtu akamwiba.

Katika kisa hicho kifupi mambo mawili yalidhihirika. Dawa husafiri kwa damu, ndiyo maana ilimpata mbwa haraka kuliko ambavyo ingempata kwa kumezwa. La pili ni kwamba kinachoua ni usingizi unaosahau kupumua. Kumchapa mbwa ili asilale ilikuwa njia ya kikatili ya kufanya kazi ambayo leo inafanywa na yule anayehesabu pumzi za tembo.

Mfamasia wa Paderborn

Kwa karne moja na nusu baada ya Wren, daktari aliyempa mgonjwa afyuni alikuwa akibahatisha. Bonge moja lilikuwa kali, jingine hafifu, na hakuna aliyejua tofauti mpaka mgonjwa apone au afe. Friedrich Sertürner, kijana wa miaka 21 aliyekuwa akijifunza ufamasia mjini Paderborn, Ujerumani, alianza kuitenganisha afyuni sehemu kwa sehemu karibu mwaka 1804. Akapata chembe nyeupe. Akazilisha mbwa, wakasinzia, wakatapika. Akaziita kwa jina la Morpheus, mungu wa ndoto wa Wagiriki, na ndipo tukapata mofini. Mwaka 1817 alichapisha jaribio alilofanya kwa mwili wake mwenyewe pamoja na vijana watatu. Walikunywa mara tatu katika muda usiofika saa moja. Walipozidiwa, Sertürner akawanywesha siki kali ili watapike.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa kiini cha nguvu cha mmea kutolewa na kuonyeshwa kwamba ndicho kinachofanya kazi. Mlango ukafunguka. Kodeini ilipatikana mwaka 1832. Mwaka 1853 Alexander Wood wa Edinburgh alianza kudunga mofini chini ya ngozi kwa bomba la sindano. Mwaka 1864 mwanafiziolojia Mfaransa Claude Bernard akazipanga kemikali sita za afyuni kwa kuzijaribu kwa wanyama, na akaona jambo lililowashangaza wengi: ndani ya utomvu uleule mlikuwa na dawa zinazolaza na nyingine zinazotia degedege. Iliyoongoza kwa degedege ni thebaini. Haikumfaa mgonjwa yeyote, ikawekwa kando. Tutaikuta tena.

Mwaka 1874, mjini London, C. R. Alder Wright alichemsha mofini pamoja na kemikali ya kiwandani akapata kitu kipya. Mbwa waliopewa walionyesha woga, wakasinzia, wakatokwa na mate. Jambo likaishia hapo mpaka kampuni ya Bayer ilipoitengeneza upya na kuanza kuiuza mwaka 1898 kama dawa ya kikohozi, kwa jina la heroini. Bayer iliacha kuitengeneza mwaka 1913. Lakini kilichotoka kwenye chupa hakikurudi.

Mkia uliosimama

Kila mnyama hupokea mofini kwa namna yake, na tofauti hizo zilikuwa darasa kubwa. Mbwa hulala. Paka akipewa kipimo kikubwa huhangaika, macho yakamtoka, akaruka ukutani. Farasi hutembea bila kutulia, na ndiyo sababu walaghai wa mashindano ya mbio waliwahi kuwadunga farasi dawa za jamii hii. Twiga, swala na vifaru wanaodungwa etofini huanza kutembea kwa kunyanyua miguu juu kupita kiasi, kama wanaovuka maji, kabla ya kuanguka.

Lakini ishara iliyobadilisha tiba ilitoka kwa kiumbe mdogo. Mwaka 1911 Walther Straub, mtaalamu wa dawa wa Ujerumani, aliandika kuhusu vipanya vya maabara vilivyodungwa mofini. Mikia yao ilisimama, ikakakamaa, ikajipinda juu ya mgongo kama herufi S. Kipimo kidogo sana kilitosha kuusimamisha. Wataalamu wakapata kipimo ambacho hakikuhitaji mashine: mtazame mkia.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 wakemia wa Ujerumani walikuwa wakitafuta dawa ya kutuliza mkazo wa tumbo. Otto Eisleb alitengeneza kemikali moja, na mwenzake Otto Schaumann alipoidunga vipanya akaona mikia inasimama. Kwa mtazamo wa kwanza haikufanana na mofini, wala haikutoka kwenye mpopi, lakini mkia ulikuwa umeshatoa ushahidi. Dawa hiyo ni pethidini. Mama yeyote aliyedungwa pethidini wodi ya wazazi, Muhimbili au Kenyatta, Bujumbura au Kampala, anadaiwa shukrani na kipanya kile.

Vipimo vingine vikafuata. Mwaka 1941 watafiti wa Marekani walianza kuelekeza mwanga wenye joto kwenye mkia wa panya na kuhesabu sekunde hadi auvute. Mwaka 1944 ikaja sahani ya moto, ambapo kipanya huwekwa juu ya bati lenye joto na kuangaliwa ni lini atalamba nyayo. Kwa njia hizo nguvu ya dawa iliweza kuandikwa kwa tarakimu. Ni haki pia kusema kwamba tarakimu hizo ziligharimu maumivu ya viumbe ambao hakuna aliyewauliza. Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, waliandika kitabu kilichoweka misingi mitatu: kutumia mbadala wa mnyama panapowezekana, kupunguza idadi yao, na kupunguza mateso yao. Misingi hiyo ndiyo inayoongoza maabara nyingi leo. Deni letu kwa wanyama hao bado halijalipwa.

Sokwe aliyemshika mkono mtafiti

Kutuliza maumivu ni upande mmoja. Upande wa pili ni kiu ya dawa, na hapa ushahidi wa wanyama unagusa nyumba zetu moja kwa moja.

Mwaka 1940 mtafiti Mmarekani S. D. S. Spragg alichapisha kazi yake kuhusu sokwe waliokuwa wakidungwa mofini kila siku. Baada ya muda sokwe hao walibadilika. Muda wa sindano ukikaribia, walimvuta mtafiti kuelekea chumba cha kudungiwa. Spragg aliweka masanduku mawili, moja lina ndizi, jingine lina bomba la sindano. Sokwe aliyekwisha kupata dozi yake alichagua ndizi. Aliyekosa dozi alipita ndizi, akafungua sanduku la sindano. Hata njaa haikumshinda.

Wengine walikuwa wamedai kwamba mnyama hawezi kuwa mraibu kwa sababu hana fikra za kutafuta starehe. Sokwe wa Spragg walilijibu dai hilo. Mwaka 1962 James Weeks, katika jimbo la Michigan, alipata njia ya kumwachia panya ajidunge mwenyewe kwa kubonyeza kitufe huku mrija mwembamba ukiingiza mofini kwenye mshipa wake. Panya walibonyeza. Kipimo kilipopunguzwa, walibonyeza mara nyingi zaidi, kama mtu anayeongeza kete baada ya kugundua kwamba mzigo umechanganywa.

Na panya hao wakikosa dawa, wanapata arosto. Kwenye vijiwe vya Dar es Salaam na Mombasa neno hilo linajulikana kuliko neno lolote la kitabu: miayo isiyokoma, kamasi na machozi, tumbo kuharisha, mifupa kuuma, ngozi kusisimka kama ya kuku aliyenyonyolewa. Panya naye huharisha, hupungua uzito, na hutetemesha mwili mzima kama mbwa aliyetoka mtoni akikung'uta maji. Kipanya huruka juu mara kwa mara kama anayekimbia sakafu ya moto. Hakuna aliyewafundisha, na hawakuiga kwa wenzao.

Kufuli lililokuwa mwilini tangu zamani

Swali likabaki: kwa nini utomvu wa ua la Asia na Ulaya ufungue mlango ndani ya ubongo wa kila mnyama?

Jibu lilianza kupatikana mwaka 1973. Candace Pert na Solomon Snyder wa chuo cha Johns Hopkins, Eric Simon wa New York, na Lars Terenius wa Uppsala nchini Uswidi walionyesha, kila kundi kwa njia yake, kwamba kwenye seli za ubongo pana vipokezi, kama matundu ya kufuli, ambavyo mofini hushika kama ufunguo. Kundi la Snyder lilitafuta vipokezi hivyo kwa wanyama wengi wenye uti wa mgongo na kuvikuta hata kwa papa. Kufuli lilikuwapo mamilioni ya miaka kabla ya mtu wa kwanza kuchanja tunda la mpopi.

Mwili hauwezi kuwa umeumba kufuli kwa ajili ya ua la mbali. Lazima una funguo zake wenyewe. Huko Aberdeen, Uskochi, John Hughes alikuwa akipanda baiskeli alfajiri kwenda machinjioni kuchukua bongo za nguruwe. Yeye na mzee wake wa kazi, Hans Kosterlitz, walikuwa wanapima vimiminika walivyovikamua humo kwa kutumia vipande vya utumbo wa simbilisi na mirija ya uzazi ya vipanya dume. Vipande hivyo vikichochewa kwa umeme hujikaza, na mofini huvituliza. Mwaka 1975 walitangaza kwamba ubongo wa nguruwe una kemikali mbili zinazofanya vilevile. Mwaka uliofuata Choh Hao Li, mjini San Francisco, alieleza nyingine yenye nguvu zaidi aliyoipata katika tezi zilizo chini ya ubongo wa ngamia wa Iraki. Zikaitwa endofini, yaani mofini ya ndani. Ndizo zinazomwezesha mtu aliyevunjika mguu kukimbia hatua chache zaidi kabla hajahisi, na zinahusika katika kumtuliza mtoto akibebwa mgongoni mwa mamaye.

Mwaka 1996 timu ya Brigitte Kieffer mjini Strasbourg, Ufaransa, ilifunga hoja. Walizalisha vipanya visivyo na aina moja tu ya vipokezi hivyo. Vikapewa mofini. Maumivu hayakutulia, raha haikuja, na dawa ilipositishwa hakukuwa na arosto. Tundu moja la kufuli likikosekana, tiba na uraibu huondoka pamoja. Ndiyo sababu kuvitenganisha kumewashinda wakemia kwa zaidi ya karne.

Thebaini yapata kazi

Turudi kwa ile kemikali ya degedege iliyowekwa kando. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kundi la mkemia Mwingereza Kenneth Bentley lilikuwa likiipachika thebaini vipande vipya. Miongoni mwa matokeo ilikuwa etofini, inayozidi mofini kwa nguvu mara elfu na zaidi. Kwa binadamu ni hatari mno. Tone linaloingia kwenye mchubuko wa mkono linaweza kumwua daktari wa wanyama. Lakini kwa mnyama wa tani nyingi etofini ilikuwa jibu, kwa kuwa dozi nzima ingeenea katika mshale mdogo.

Aliyeifanya dawa hii ijulikane ni Antonie Harthoorn, daktari wa wanyama aliyefanya kazi Uganda na Kenya na kufundisha vyuoni huko. Kabla yake, kumkamata kifaru kulimaanisha kumkimbiza kwa gari mpaka achoke na kumfunga kwa kamba, na wengi walikufa kwa mshtuko. Etofini iliwezesha vifaru weupe wa Umfolozi, Afrika Kusini, kuhamishwa kwa wingi katika miaka ya 1960 wakati walipokuwa wamebaki wachache. Harthoorn alisimulia kazi hiyo katika kitabu cha mwaka 1970 kuhusu sindano inayoruka. Kila tembo anayefungwa mkanda leo na wataalamu wa Kenya na Tanzania anapita njia iliyochongwa wakati ule.

Thebaini ilizaa pia ndugu zake. Buprenofini, iliyotengenezwa Hull, Uingereza, mwaka 1966, inashika kufuli bila kulifungua kabisa, na leo inatibu uraibu. Naloksoni, iliyobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, inakaa kwenye tundu la kufuli na kuizuia mofini isiingie. Mtu aliyezidiwa na heroini, midomo imegeuka buluu na pumzi zinahesabika, akidungwa naloksoni hufumbua macho ndani ya dakika chache, kama tembo anavyofumbua. Aliyemchapa mbwa wa Oxford siku ile alikuwa akiitafuta dawa hii bila kuijua.

Mizizi na majani ya kwingine

Mpopi si mmea pekee unaogusa kufuli hili. Nchini Gabon waumini wa Bwiti hutafuna maganda ya mzizi wa iboga katika ibada zao za kukutana na mababu. Ibogaini ilitolewa humo na Wafaransa mwaka 1901. Mwaka 1962 kijana wa New York, Howard Lotsof, aliyekuwa akitumia heroini, aliijaribu na kushangaa kuona arosto haikuja. Ilichukua karibu miaka 30 kabla ya panya kuulizwa. Mwaka 1991 Stanley Glick na wenzake, Albany, walionyesha kwamba panya waliopewa ibogaini walipunguza kujidunga mofini, wengine kwa siku kadhaa. Lakini mwaka 1993 watafiti wa Johns Hopkins walikuta kwamba dozi kubwa huharibu seli za sehemu ya ubongo wa panya inayosawazisha mwendo, na kwa binadamu ibogaini inaweza kuvuruga mapigo ya moyo mpaka kuua. Ahadi na hatari vilionekana katika mnyama yuleyule.

Huko Thailand wakulima hutafuna majani ya kratomu ili wavumilie jua shambani. Kiini chake kikuu, mitragaini, kilitolewa mwaka 1921. Serikali ikapiga marufuku mmea mwaka 1943 na kuufungulia mwaka 2021. Panya wametufundisha kitu cha kuangalia hapa. Wakipewa nafasi ya kujidunga mitragaini, hawaitaki. Wakipewa kemikali ambayo mitragaini hugeuka kuwa, kwa kubadilishwa kidogo tu, wanajidunga. Anayeuza unga uliokolezwa kwa jina la jani la asili anauza kitu kingine, na neno “asili” halimlindi mtu yeyote.

Chumba kilekile, kijiwe kilekile

Katika hospitali ya Lexington, Kentucky, iliyofunguliwa mwaka 1935 kwa ajili ya waraibu, daktari Abraham Wikler aliona jambo la ajabu. Wagonjwa waliokaa miezi bila dawa, wakianza kuzungumza habari za unga katika vikao vyao, walipiga miayo na kutokwa na kamasi. Arosto ilirudi kwa maneno tu. Mwaka 1967 alionyesha hivyo kwa panya: waliporudishwa kwenye vizimba walimowahi kupata arosto, walianza kujikung'uta kama mbwa aliyelowa, ingawa mofini ilikuwa imetoka mwilini zamani.

Shepard Siegel wa chuo cha McMaster, Kanada, akaliendeleza. Mwaka 1982 alitoa matokeo ambayo kila familia yenye mraibu inapaswa kuyajua. Panya walizoeshwa heroini katika chumba kimoja, dozi ikipanda polepole, kisha wakapewa dozi kubwa. Waliopewa kwenye chumba walichozoea walikufa asilimia 32. Waliopewa dozi ileile kwenye chumba kigeni walikufa asilimia 64. Wale ambao hawakuwahi kuonja heroini walikufa asilimia 96. Mwili ulikuwa umejifunza kujikinga kwa kuona mahali, na mahali palipobadilika kinga ikapungua.

Mtaani hesabu hiyo ina sura za watu. Kijana anatoka jela au nyumba ya upataji nafuu, hajagusa unga kwa miezi. Anapita kijiwe chake cha zamani, na kabla hajasema neno mwili umeanza kumdai. Akirudia dozi aliyoizoea zamani, mwili hauna tena ule ustahimilivu. Wengi hufa hapo, na msibani watu husema alikuwa hapendi kubadilika.

Mwanasaikolojia Bruce Alexander wa Kanada aliuliza swali jingine mwishoni mwa miaka ya 1970. Je, panya wanakunywa mofini kwa sababu ya mofini, au kwa sababu wamefungwa peke yao? Akawajengea makazi yenye eneo karibu mara 200 la kizimba cha kawaida, wakiwa na wenzao, mbao za kuparamia na mahali pa kuzalia. Waliokuwa humo walikunywa mofini kidogo kuliko waliokuwa vizimbani. Waliorudia jaribio lake hawakupata matokeo yale kila mara, kwa hiyo lisibebeshwe mzigo mkubwa. Hata hivyo swali lake ni zuri, na linamhusu kila anayemfungia kijana chumbani akidhani ameponya.

Foleni ya alfajiri

Heroini ilienea katika miji ya pwani yetu katika miaka ya 1980 na 1990, ikija kwa meli na majahazi kutoka upande wa Asia. Kwa miaka mingi jibu letu lilikuwa rungu, ngome ya polisi na mahubiri. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya jamii ya mofini iliyobuniwa na wakemia wa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930, ambayo Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York walionyesha katikati ya miaka ya 1960 kwamba humtuliza mraibu mchana kutwa bila kumlevya. Kenya ilianza mwishoni mwa 2014, Zanzibar mwaka 2015.

Anayekwenda kupewa methadoni huhudhuria kila siku. Anasimama dirishani, anataja jina, anapewa kikombe kidogo, anakunywa mbele ya muuguzi, anasema neno moja mawili ili ionekane amemeza, anaondoka kwenda kwenye shughuli zake. Wapita njia wengine wakiona foleni hiyo husema serikali inawalea mateja. Wangemkumbuka sokwe wa Spragg, aliyepita ndizi akiwa na njaa na kumshika mkono mtafiti amwongoze kwenye chumba cha sindano. Hakuwa anatafuta starehe. Alikuwa anaomba msaada kwa yule aliyekuwa nao.

Walio kwenye foleni ile wameamka kabla ya jua, wengine wametembea kutoka mbali kwa kukosa nauli. Wamekuja kwa miguu yao wenyewe, kila siku, kuomba siku moja bila arosto. Mtu anayefanya hivyo kwa miezi na miaka ana nia kuliko wengi tunaomcheka.